Sudoku ilizaliwa Indiana, sio Tokyo, na mzee Garns tumemsahau bila sababu

Muulize mtu yeyote anayecheza sudoku kwenye simu mchezo huu umetoka wapi, tisa kati ya kumi watakwambia Japani, na yule wa kumi aliyesoma soma kidogo atakwambia hapana, uligunduliwa na mwanahisabati wa Uswisi anaitwa Leonhard Euler miaka ya 1700 na kitu. Wote wawili wanakosea, na kosa lenyewe sio dogo maana linamfuta mtu aliyeufanya mchezo kuwa mchezo. Sudoku kama tunavyoijua, yani ule mraba wa vijumba 81 wenye maboksi tisa ndani yake, unaoujaza namba 1 mpaka 9 bila namba kujirudia kwenye mstari wala kwenye boksi, ilichapishwa mara ya kwanza Mei 1979 kwenye jarida la mafumbo la kampuni ya Dell huko Marekani, jina lake likiwa Number Place, na aliyeitunga ni Howard Garns, mchora ramani za majengo aliyestaafu, mkazi wa Indianapolis, jimbo la Indiana, na wakati huo alikuwa na miaka 74.

Miaka 74 jamani. Mtu ameshamaliza kazi yake ya maisha, ameshachora majengo yake, anakaa chini anatunga kitu ambacho robo karne baadae kitakuwa kwenye karibu kila gazeti la Uingereza. Na jina lake halikuwekwa kwenye fumbo lenyewe! Dell hawakuwa na utaratibu wa kuandika mtunzi chini ya kila fumbo, walichokuwa wanafanya ni kuweka orodha ya wachangiaji wa toleo zima, basi. Kwa hio mpaka sudoku inalipuka dunia nzima hakuna aliyejua ni nani aliyeileta. Aliyekuja kumfukua ni Will Shortz, mhariri wa mafumbo wa New York Times ambae pia ni mkusanyaji mkubwa wa majarida ya zamani, na alivyomfukua ndio napenda sana. Alichukua matoleo ya zamani ya Dell, akaangalia kila toleo lenye Number Place na orodha yake ya wachangiaji, alafu akaangalia matoleo yasiyo na Number Place, na akakuta jina moja ambalo kila Number Place ikiwepo na lenyewe lipo, na isipokuwepo na lenyewe halipo. Garns. Ni njia ile ile unayotumia kutatua sudoku, unaondoa visivyowezekana mpaka kinabaki kimoja.

Bahati mbaya mzee mwenyewe alifariki 1989, miaka kumi na tano kabla ya moto kuwaka Ulaya, hivyo hakuona chochote.

Sasa turudi kwa Euler maana hapo ndipo watu wanapobisha sana. Euler kweli aliandika kuhusu miraba ya Kilatini, kazi yake ilichapishwa 1782, na mraba wa Kilatini ni hivi, unachukua mfano alama tisa, unazipanga kwenye mraba wa tisa kwa tisa, kila alama itokee mara moja tu kwenye kila mstari wa kulala na mara moja tu kwenye kila mstari wa kusimama. Basi. Hakuna maboksi. Na Euler hakuwa anatengeneza fumbo la kumpa mtu ajaze, alikuwa anahangaika na swali lake la maafisa 36 wa jeshi, kutoka vikosi sita na vyeo sita, je unaweza kuwapanga sita kwa sita ili kila mstari uwe na kila kikosi na kila cheo mara moja? Yeye aliamini haiwezekani, na 1901 Mfaransa Gaston Tarry akathibitisha kwamba kweli haiwezekani. Swali zuri sana, lakini sio sudoku.

Na hata hio miraba yenyewe haikuanza na Euler. Kwenye vitabu vya Kiarabu vinavyohusishwa na Ahmad al-Buni, aliyefariki karibu mwaka 1225, miraba ya namba na herufi imejaa tele, na kitabu maarufu kabisa kati ya hivyo ni Shamsul Maarif, ambacho mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa. Waganga wa kitabu kuanzia Lamu mpaka Kilwa wameandika miraba ya namba kwenye hirizi vizazi na vizazi. Kwa hio mtu akisema kupanga alama kwenye mraba zisijirudie ni wazo la Ulaya, sio kweli, wazo hilo limetembea na wafanyabiashara na masheikh kabla Euler hajazaliwa. Ila na hao pia hawakuwa wanatengeneza fumbo la kujaza. Tusichanganye vitu.

Walioikaribia sana sudoku kabla ya Garns ni magazeti ya Ufaransa. Mwaka 1892 gazeti la Le Siècle lilichapisha mraba wa tisa kwa tisa wenye nafasi wazi na maboksi ya tatu kwa tatu ndani, ila namba zilikuwa mpaka za tarakimu mbili na ulitatua kwa kujumlisha, yani ni hesabu hasa. Miaka mitatu baadae, Julai 1895, gazeti la La France likaja na toleo lililotumia namba 1 mpaka 9 tu, kila mstari ukiwa nazo zote, na jibu lenyewe ukiliangalia vizuri hata maboksi yanakaa sawa ingawa hawakuyachora. Ukiona ule mraba unashtuka kidogo, maana ni kama mtu amefika mlangoni kabisa, ameshika kitasa, alafu akageuka akaondoka. Mafumbo ya aina hio yaliendelea kwenye magazeti ya Paris miaka kadhaa, kufika vita ya kwanza ya dunia yakapotea. Hawakuwahi kumwambia msomaji kwamba boksi ni sheria. Na mimi nasema boksi ndio mchezo wenyewe, bila boksi hakuna sudoku.

Nieleze kwa nini nasema hivyo maana sio maneno tu. Miraba ya Kilatini ya tisa kwa tisa iko 5,524,751,496,156,892,842,531,225,600, namba ambayo hata kuisoma kwa sauti ni shida. Ukiongeza sheria moja tu, kwamba na kila boksi la tatu kwa tatu liwe na namba zote tisa, inabaki 6,670,903,752,021,072,936,960. Hii ya pili ilihesabiwa 2005 na Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis. Ukigawanya unapata kwamba kati ya kila miraba 828,000 hivi ya Euler, ni mmoja tu ndio unafaa kuwa jibu la sudoku. Sheria moja, tena ya sentensi moja, imefagia karibu kila kitu!

Lakini idadi sio ndio utamu wenyewe, utamu ni namna boksi linavyokulazimisha ufikiri. Tuseme kwenye boksi la juu kushoto namba 7 haina pa kukaa isipokuwa kwenye vijumba viwili vya mstari wa kwanza wa kulala. Hujui ni kipi kati ya hivyo viwili, na hutojua kwa muda, ila tayari unajua kwamba 7 ya mstari ule wote iko ndani ya boksi hilo, kwa hio unaifuta 7 kwenye vijumba vingine vyote vya mstari ule, mpaka kule boksi la juu kulia, na huko kule ghafla kijumba kimoja kinabaki na namba moja tu. Yani umetatua kitu cha upande wa pili wa ubao kwa kutumia jambo ambalo bado hulijui! Kwenye mraba wa Kilatini mtupu hakuna kitu cha namna hio, mstari wa kulala na wa kusimama vinakutana kwenye kijumba kimoja tu, hawana cha kuongea zaidi. Boksi na mstari vinashirikiana vijumba vitatu, na kwenye hivyo vitatu ndipo mantiki yote tamu inapotokea. Garns aliliona hilo, au alilihisi, na hapo ndipo fumbo likapata uhai.

Kuna kitu kimoja inabidi nikiseme ili nisionekane napendelea. Wazo la kugawa mraba wa Kilatini kwenye maboksi lilishatumika kabla ya 1979, ila sio kwenye michezo, lilitumika shambani. Watafiti wa kilimo wanapotaka kulinganisha mbegu au mbolea mbalimbali wanagawa shamba kwenye viplot, na kwa sababu udongo haufanani, upande mmoja una rutuba mwingine una mawe, wanapanga kila mbegu itokee mara moja kila mstari kila upande ili hakuna mbegu inayopendelewa na udongo. R. A. Fisher, mtaalamu wa takwimu pale kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted Uingereza, ndie aliyeeneza matumizi ya miraba ya Kilatini kwenye majaribio ya mashamba kuanzia miaka ya 1920, na 1956 Mjerumani W. U. Behrens akaongeza kwamba na kila eneo dogo la shamba liwe na kila mbegu mara moja. Hio ni sheria ya boksi kabisa. Sasa je Behrens ndie mvumbuzi wa sudoku? Hapana. Behrens alikuwa na mpangilio uliokamilika, na hakuna mkulima aliyeambiwa ajaze nafasi zilizobaki. Mvumbuzi wa fumbo ni yule aliyefikiria kuficha namba nyingi na kuacha chache zinazotosha kufika kwenye jibu moja tu, na huyo kwenye mraba wenye sheria ya boksi ni Garns.

Haya, Japani sasa, maana nao wana haki yao kubwa na siwezi kuwanyima. Mwaka 1980 kijana mmoja aliyeacha chuo anaitwa Maki Kaji alianzisha na rafiki zake jarida la mafumbo, wakaliita Nikoli, jina la farasi wa mashindano aliyeshinda Ireland mwaka huo huo, maana Kaji alikuwa mpenzi mkubwa wa mbio za farasi. Mwaka 1984 wakachukua Number Place ya Wamarekani wakaipa jina refu la Kijapani lenye maana kwamba namba zibaki moja moja, baadae wakalifupisha ikawa Sudoku. Mpaka hapo unaweza kusema wamechukua tu cha watu wakabadilisha jina, na kama wangeishia hapo ningekubali.

Hawakuishia hapo. Number Place ya Dell ilikuwa na kasoro zake, kwanza chini ya ubao walikuwa wanaweka namba nne ndani ya viduara za kukusaidia kuanza, unatakiwa uzitupie kwenye vijumba vilivyochorewa duara, kitu ambacho kinaharibu usafi wa fumbo. Nikoli wakaviondoa. Alafu 1986 wakaweka masharti mawili, kwamba namba za kuanzia zisizidi 32, na zikae kwa ulinganifu, yani ukiugeuza ubao juu chini mpangilio wa vijumba vilivyojazwa unabaki vile vile. Ulinganifu hauna kazi yoyote kwenye kutatua, ni uzuri tu wa macho, na ndio maana nauheshimu, maana unamwambia msomaji kwamba kuna mtu amekaa akatengeneza hiki kitu kwa ajili yako. Na kweli pale Nikoli mafumbo yanatengenezwa kwa mkono, mengi yanaletwa na wasomaji wenyewe, na mtunzi anaandikwa jina lake au jina lake la utani. Linganisha hilo na Dell. Kama Dell wangekuwa na tabia hio 1979, Shortz asingehitaji kufukua chochote.

Kwa hio mimi msimamo wangu ni kwamba uhariri ni kazi ya ubunifu kama utunzi ulivyo. Garns alileta sheria, Kaji na wenzake wakaleta ladha. Ila tukimwita Kaji baba wa sudoku, kama vyombo vya habari vilivyomwita alipofariki Agosti 2021 akiwa na miaka 69, basi angalau sentensi ya pili iseme kuna babu.

Na wa tatu ndie aliyeisambaza. Wayne Gould, mtu wa New Zealand, alikuwa hakimu Hong Kong, kastaafu, 1997 yuko Tokyo akaingia duka la vitabu akaona kitabu cha sudoku. Hajui Kijapani, lakini namba anazijua! Akanogewa, akakaa miaka kama sita akiandika programu ya kompyuta ya kutengeneza mafumbo hayo. Alianza na gazeti dogo la New Hampshire, Marekani, Septemba 2004, na Novemba 12, 2004 gazeti la The Times la London likachapisha la kwanza. Na hapa kuna akili ya biashara ambayo watu wengi hawaioni, Gould aliwapa magazeti mafumbo bure, wao wakimtajia tu programu yake kwa wasomaji. Gazeti halilipi kitu, linapata kitu ambacho msomaji anakitafuta kila asubuhi, mhariri gani atakataa? Siku chache tu Daily Mail nao wakaweka la kwao, na katikati ya 2005 magazeti ya Uingereza yalikuwa yanagombania sudoku kama yanavyogombania habari za mpira. The Guardian wao wakaenda kuchukua za Nikoli zilizotengenezwa kwa mkono, wakajitapa nazo. Machi 2006 yakafanyika mashindano ya kwanza ya dunia mji wa Lucca, Italia, akashinda mwanamke kutoka Jamhuri ya Czech, Jana Tylová. Na Juni 2008 huko Sydney, Australia, kesi kubwa ya madawa ya kulevya iliyokwisha kula zaidi ya dola milioni moja za Australia ilivunjwa baada ya kugundulika wazee wa baraza kadhaa walikuwa wanacheza sudoku wakati mashahidi wanaongea. Mtu aliona kalamu zao zinaandika akadhani wanaandika maelezo ya kesi.

Ukijiuliza kwa nini ilisambaa haraka hivyo, nadhani sababu kubwa ni mbili. Moja, haina lugha. Maneno mseto yanahitaji mtunzi wa Kiswahili kwa Waswahili na wa Kifaransa kwa Wafaransa, lakini ubao wa sudoku unasafiri kama ulivyo kutoka Tokyo mpaka London mpaka Mombasa bila mkalimani. Pili, hakuna aliyeifungia. Nikoli walisajili jina ndani ya Japani tu, nje ya Japani hawakusajili, na Kaji mwenyewe baadae alikiri kwamba huko kusahau kuligeuka kuwa jambo zuri. Matokeo yake ndani ya Japani kwenyewe wachapishaji wengine hawatumii neno Sudoku, wanaita nanpure, yani Number Place kwa matamshi yao, kwa hio jina la Kimarekani linaishi Japani na la Kijapani linaishi Marekani.

Sasa tatizo langu na hali ya leo. Mafumbo mengi kwenye apu za simu zetu yanatemwa na kompyuta kwa maelfu, na kiwango cha ugumu mara nyingi kinapimwa kwa idadi ya namba za kuanzia, chache ni ngumu, nyingi ni rahisi. Hio sio kweli kabisa. Mwanahisabati Gary McGuire wa chuo kikuu cha University College Dublin, Ireland, na wenzake walithibitisha Januari 2012, kwa kutumia saa karibu milioni 7 za kompyuta, kwamba namba 17 ndio kiwango cha chini, zikiwa 16 fumbo haliwezi kuwa na jibu moja. Lakini kati ya mafumbo ya namba 17 yanayojulikana, yako karibu 49,000, mengi sio magumu kiasi hicho, unayamaliza kwa mbinu za kawaida, wakati fumbo la namba 25 linaweza kukukalisha jioni nzima. Ugumu uko kwenye njia, mlango upi unafunguka baada ya upi, na njia hio mtunzi wa mkono anaipanga kwa makusudi. Programu nzuri nazo zipo, Gould mwenyewe alihangaika na kupima ugumu vizuri, lakini ile ya bure yenye tangazo kila dakika mbili haijali kama una raha au huna.

Ndio maana natamani sana magazeti yetu ya Kiswahili yangeacha kununua mafumbo yaliyokwisha pikwa nje, maana sheria ya mchezo haina mwenyewe na haidai kibali cha mtu. Mtu yeyote mwenye penseli, ufutio na daftari la hesabu anaweza kutunga. Chora ubao, chagua kwanza vijumba 28 au 30 vinavyokaa kwa ulinganifu bila kuweka namba yoyote, alafu anza kuweka namba moja moja huku unatatua kama msomaji, kila ukiweka jiulize hii inamfungulia nini, na usiweke inayofuata mpaka ujue ya kabla imefanya kazi gani. La kwanza litakuwa na majibu mawili, hilo ni kawaida, futa namba za kona ile inayosumbua urudie. Likikaa sawa mpe mtu mwingine alitatue mbele yako, kaa kimya, angalia anakwama wapi, na pale anapokwama paandike pembeni kwa ajili ya fumbo lijalo.